Je, Wajua? Chumvi ya Fedha Hubadilika Rangi Mwangani

Kloridi ya fedha (AgCl) ni halaidi, yaani kampaundi ya metali na elementi ya jamii ya klorini, nayo hutengenezwa kwa kuchanganya myeyusho wa naitreti ya fedha na ule wa chumvi ya mezani. Miyeyusho hiyo miwili, ambayo kila mmoja ni mwangavu kama maji, ikikutana hutokea papo hapo mashapo meupe, yaani chembe ngumu zisizoyeyuka, ambayo huchujwa, huoshwa kwa maji yaliyokenekwa na kukaushwa gizani. Lita moja ya maji yenye nyuzijoto 25 za Selsiasi huyeyusha takriban miligramu 2 tu za kampaundi hiyo, ilhali myeyusho wa amonia huiyeyusha kwa urahisi. Ikiachwa mwangani hugeuka zambarau na hatimaye kuwa nyeusi, kwa kuwa nishati ya nuru huitenga klorini na kubakiza chembechembe za fedha. Sifa hiyo ndiyo iliyomwezesha Mwingereza William Henry Fox Talbot, katika miaka ya 1830, kunasa picha kwenye karatasi iliyolowekwa maji ya chumvi na kupakwa naitreti ya fedha.