Kompyuta Mpakato Inapogoma Kuwaka

Kompyuta mpakato huwaka kwa hatua nne, na kila hatua huingoja iliyotangulia. Kwanza umeme hufika kutoka kwenye chaja au betri. Pili, chipu ndogo ya udhibiti huugawa umeme huo: volti 19 hivi za chaja hushushwa kuwa 5, 3.3 na takriban 1 kwa ajili ya prosesa. Tatu, prosesa husoma BIOS, programu fupi iliyohifadhiwa kwenye chipu yake ya pekee, ambayo hukagua RAM (kumbukumbu ya muda), kioo na kibodi. Nne, BIOS hutafuta diski na kuikabidhi Windows au Linux kazi. Mashine inayosemwa imekufa imekwama katika mojawapo ya hatua hizo, na fundi mzuri hutafuta imekwama wapi kabla hajashika bisibisi.

Katika maeneo ya machimbo, tangu Kahama hadi Geita, mshukiwa wa kwanza ni umeme. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, na chaja nyingi zimeandikwa 100–240. Mota ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na balbu za majirani hufifia. Lakini umeme mdogo wa namna hiyo chaja huuvumilia. Kinachoiunguza ni kinyume chake: volti zinazoruka umeme unaporudi baada ya kukatika, jenereta isiyodhibiti mzunguko wake, au radi za Kanda ya Ziwa wakati wa masika na vuli. Ndiyo maana kuichomoa chaja umeme unapokatika ni kinga ya bure.

Uchunguzi huanzia kwenye vitu visivyogharimu kitu. Soketi hujaribiwa kwa taa au simu. Taa ya chaja, kama ipo, huangaliwa, kisha mita ya fundi huwekwa kwenye ncha yake: inapaswa kusoma karibu na volti zilizoandikwa kwenye lebo. Chaja za Type-C hazipimwi hivyo, kwa kuwa hazitoi volti 20 mpaka zimewasiliana na mashine. Hizo hujaribiwa kwa kuazima nyingine yenye nguvu ya kutosha. Kama chaja ni nzima, betri hutolewa ikiwa inatoka, chaja huchomolewa, na kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa sekunde 30. Chaji iliyobaki kwenye kapasita huisha, na chipu ya udhibiti iliyokuwa imekwama huanza upya. Mashine nyingi hufufuka chaja inaporudishwa bila betri, na hiyo ni dalili kwamba betri ichunguzwe. Betri iliyovimba haitobolewi wala kuchajiwa tena, maana seli za lithiamu zikipasuka huwaka moto.

Ikiwa taa inawaka na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, umeme umefika na tatizo liko mbele zaidi. Kitufe cha herufi kubwa hubonyezwa: taa yake ikiwaka na kuzimika, mashine inafanya kazi na kinachogoma ni kioo. Tochi ya simu ikimulikwa kwa pembeni, picha hafifu inaweza kuonekana, ishara kwamba taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Waya wa HDMI kwenda kwenye televisheni humaliza ubishi. Mashine isiyoonyesha chochote hata huko mara nyingi hulia milio au kupepesa taa kwa hesabu maalumu. Kila kampuni ina hesabu yake, kwa hiyo milio huhesabiwa kisha hulinganishwa na kitabu cha modeli husika.

Milio hiyo mara nyingi huelekeza kwenye RAM, na hapo ndipo kompyuta inapokutana na udongo wa Geita. Meno ya kadi ya RAM yamepakwa dhahabu, utando usiofikia unene wa elfu moja ya milimita. Shaba iliyo chini yake ingepata kutu hewani. Dhahabu haipati, nayo hupitisha umeme vizuri. Ni madini yaleyale yanayochimbwa katika mgodi mkubwa wa Geita tangu mwaka 2000 na Bulyanhulu mkoani Shinyanga. Dhahabu haichakai kwa hewa, ila huweza kufunikwa na vumbi. Kadi huchomolewa mashine ikiwa haina umeme kabisa, meno hufutwa kwa kitambaa laini chenye spiriti kavu, kisha hurudishwa mpaka vibanio vilie. Kusugua kwa raba ngumu, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, huondoa uchafu pamoja na dhahabu yenyewe.

Vumbi lina hila nyingine. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, barabara za changarawe na makarasha hujaza hewa unga wa mawe. Ukiziba mapezi ya kupoozea, mashine huwaka, hupata joto na kujizima baada ya dakika chache, kwa kuwa prosesa hujilinda inapokaribia nyuzi 100. Mvua zikianza, vumbi hilohilo hunyonya unyevu na kuweza kupitisha umeme pasipotakiwa. Wakati wa kulipuliza vumbi hilo litoke, feni hushikiliwa isizunguke. Upepo wa kujazia matairi haufai, kwani mara nyingi huja na maji na mafuta ya kompresa.

Mashine inayofika kwenye maandishi, kisha ikadai haioni diski, imefika hatua ya nne. Kwanza flashi iliyosahaulika kwenye tundu huchomolewa, maana BIOS huenda inajaribu kuwakia humo. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka, betri ndogo ya volti 3 inayotunza saa imeisha, na huenda BIOS imesahau mpangilio wake. Diski ya zamani yenye sahani kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake huelea juu ya sahani kwa umbali unaopimwa kwa nanomita. Kuibeba kwenye bodaboda ikiwa bado inazunguka ni kuialika mikwaruzo. Ikigongagonga ndani, huzimwa mara moja, kwani kila jaribio jipya linaweza kufuta kilichobaki.

Ubao mkuu ukiungua, mafaili hayajaungua nao. Diski inayochomoleka hutolewa, hutiwa kwenye kasha la USB na kusomwa na kompyuta nyingine. Inayolehemiwa kwenye ubao haitoki, na iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, haisomeki bila ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo huandikwa na kuhifadhiwa mashine ingali ikiwaka.