Mbio za alfajiri Udzungwa: Mwenye njia atangulie!

Msomaji wangu, kama umesoma shule yoyote hapa Bongo, mchakamchaka unaujua. Giza halijaisha, mnazunguka uwanja mkiimba, mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo yake. Siku hizi vijana wa mjini wanaamka wenyewe bila fimbo, tena na fulana za klabu.

Ifakara nako hatujambo. Wikiendi utawakuta washkaji wanakata lami kuelekea daraja la Mto Kilombero, lile la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018. Raha yake ni kwamba bonde letu ni tambarare kama meza. Lakini ukiinua macho unauona ukuta wa milima ya Udzungwa, na mwenye miguu inayowasha lazima ajiulize: hivi kule panakimbilika?

Panakimbilika, ila kule ni habari nyingine, mtu wangu. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990. Inaanzia kwenye mita kama 250 tu juu ya usawa wa bahari, inapanda mpaka mita 2,576 kilele cha Luhombero. Makao yake yako Mang'ula, kando ya barabara ya Kidatu. Unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Hapo ndipo vijana wengi wananuna: mlima wa kwetu, kwa nini nichungwe kama mbuzi?

Nilikwenda na rafiki yangu, bingwa wa lami, kuijaribu njia ya Sanje inayopanda kwenye maporomoko ya mita 170. Wote wawili tulikuwa wageni wa njia ile. Geti lilipofunguliwa tukaingia, umande unadondoka, ndani ya msitu bado giza. Mwongozaji, kijana wa pale pale, alikuwa mbele akienda mwendo wa kuhesabu mizizi. Rafiki yangu uvumilivu ukamwisha.

"Kaka, tupishe basi, tutakusubiri juu."

Jamaa hakujibu. Aliinua mkono tu, tukasimama. Mbele yetu kulikuwa na kinyesi cha tembo, bado kinafuka mvuke.

"Wamepita sasa hivi," alinong'ona. "Tulieni."

Tukasikia tawi linavunjika, kaa! Siyo mbali. Tulikaa kimya muda mrefu, jasho limegeuka baridi mgongoni. Mwongozaji alisikiliza, akarusha vumbi kidogo kupima upepo, mwisho akatupa ishara ya kuendelea. Kutoka hapo hakuna aliyeomba kupishwa.

Sasa sikiliza, maana hili linakuhusu hata kama hujawahi kufika Mang'ula. Tembo wa huku hushuka usiku kula mazao mashambani, na alfajiri hurudi msituni. Wapo wakulima wa Mang'ula waliotundika mizinga kwenye uzio, kwa sababu mnyama huyo na ukubwa wake wote anamwogopa nyuki. Yaani saa unayofunga kamba za raba ndiyo saa yake ya kurudi nyumbani. Kasi yako haitakusaidia, tembo ana mbio kuliko wewe.

Wasomi nao wameonja faida ya mwenyeji. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa kwenye misitu hii walisikia mlio wa kima wasiyemjua. Wenyeji walishamjua zamani, wanamwita n'golaga. Dunia ikapata kima mpya, Sanje walikuwa naye siku zote!

Na usidhani mwongozaji ni mtu wa polepole. Mtanzania Simon Mtuy, mwongozaji wa wapandaji, mwaka 2006 alipanda Kilimanjaro na kushuka kwa saa 9 na dakika 21 bila kusaidiwa. Wengine wanatumia siku tano na zaidi. Miguu anayo, lakini na mlima anaujua.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu, mara ya kwanza sahau saa ya mkononi. Penye mwinuko mkali tembea, hakuna atakayekucheka. Kushuka ndiko kwa hatari zaidi: mizizi imeloa, magoti yamechoka, na akili iko kwenye chai na vitumbua. Msimu wa masika njia huwa na utelezi, fikiria mara mbili. Beba maji, mwage nyumbani unakokwenda na saa ya kurudi. Hata vilima visivyo na geti vina mchunga kuni au mwindaji wa asali anayezijua njia zake. Mwulize, kuuliza si ujinga.

Lami inampenda mwenye pumzi. Mlima unampenda anayekubali kuwa wa pili kwenye mstari, angalau siku ya kwanza. Haya, wiki ijayo tena!