Kuutambua Unga kwa Mwanga Usioonekana

Maziwa ya unga, wanga wa mahindi na unga wa soya ulioondolewa mafuta havitofautiki kwa urahisi machoni, ilhali kiwanda kinachopokea shehena kinapaswa kujua kilichomo ndani ya kila gunia kabla hakijamiminwa kwenye mashine ya kuchanganyia. Suala hili linagusa sana magharibi mwa Uganda, kwani Mbarara ni kitovu cha usindikaji wa maziwa, ambako kiwanda cha Pearl Dairy hutengeneza maziwa ya unga ya Lato, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, familia nyingi hutegemea chakula kilichosagwa na kufungashwa mbali na macho yao.

Njia mojawapo ya utambuzi ni spektroskopia ya infraredi ya karibu, yaani upimaji wa mwanga ulio ng'ambo kidogo ya wekundu unaoonekana, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanometa 780 hadi 2500. Mwanga huo ukiupiga unga, sehemu yake hufyonzwa na bondi, yaani vifungo vinavyoshikanisha atomi, hasa zile za hidrojeni na kaboni, oksijeni au nitrojeni, na sehemu nyingine hurudi kwenye kifaa ikiwa na pengo mahali palipofyonzwa. Maji hufyonza kwa nguvu karibu na nanometa 1450 na 1940, mafuta karibu na 1730, protini karibu na 2180. Kwa kuwa alama hizo hupandana, Karl Norris wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba hesabu za takwimu zinaweza kuzitenganisha. Ndiyo maana kifaa hulinganisha unga na hazina ya sampuli zilizokwisha kuthibitishwa maabara, na hutoa jibu kwa sekunde chache bila kemikali yoyote. Hazina hiyo lazima ijumuishe unga wa majira ya mvua na wa kiangazi, kwani unyevu na ukubwa wa chembe hubadilisha vipimo hata kama unga ni uleule.

Hata hivyo, kutambua aina ya unga si kuthibitisha usalama wake. Mwaka 2019, unga lishe wa msaada, wa mahindi na soya, uliogawiwa katika eneo la Karamoja nchini Uganda uliua watu na kuwalaza mamia, na uchunguzi ulibaini alkaloidi za tropani, sumu zinazopatikana katika magugu kama datura. Sumu za namna hiyo hudhuru zikiwa sehemu chache tu katika milioni, ilhali infraredi ya karibu kwa kawaida haioni kilicho chini ya sehemu moja katika elfu, hivyo unga wa aina ile ungeweza kupita ukiwa na alama zote halali za mahindi na soya. Kwa hiyo kila shehena iliyokubaliwa na kifaa bado inahitaji sampuli zake zipelekwe kwenye kromatografia, njia ya maabara inayotenganisha viambato kimoja kimoja, na magunia yabaki ghalani hadi majibu yatoke.