GITARE YA UMEME INAANZA KWENYE KARATASI



Mu masomo yetu iko vijana wengi wanaojua kupiga gitare, lakini gitare zenyewe ni haba. Ile ya umeme inauzwa bei kali, na ile ya bei ndogo mara nyingi shingo yake imekwisha kupindika. Ndiyo sababu wengine wanatuuliza: je, sisi na fundi seremala hatuwezi kutengeneza moja yetu? Jibu letu ni hili: inawezekana. Lakini kazi hii haianzi na musumeno, inaanza na karatasi, rigle na krayo. Mukiisha kukata ubao mufupi, hakuna mutu wa kuurefusha tena.

WENGINE WAMETUTANGULIA

Franco (1938–1989), tunayemujua sisi wote, alijifunza angali mutoto kwa gitare ya kopo na nyuzi za waya wa umeme. Huko Uingereza, katika mwezi wa 8 mwaka 1963, kijana Brian May wa miaka 16 alianza kutengeneza gitare ya umeme pamoja na baba yake, aliyekuwa fundi wa elektroniki. Walitumika karibu miaka miwili. Shingo ilitoka kwenye ubao wa zamani uliokuwa juu ya jiko la ukutani, resoro mbili zilitoka kwenye pikipiki, na alama za shingoni zilikuwa vifungo vya nguo. Gitare ile aliipiga miaka mingi na kundi la Queen. Vitu vyake vilikuwa vya kuokota, lakini vipimo vyake havikuwa vya kuokota. Hapo njo siri yenyewe.

1. MUZIKI GANI?

Tujiulize kwanza: gitare hii itapiga nini? Mu muziki wetu iko akompanyema, iko mi-solo, iko solo. Wapigaji wetu wengine wanaondoa uzi wa nne na kuweka mahali pake uzi mwembamba unaolia oktava moja juu, wanaita mi-composé. Mutu anayetaka ginsi hiyo aseme mapema, kwa sababu kajia ka uzi ule pale juu ya shingo kanapaswa kuwa kembamba. Kakichimbwa kapana kwa uzi munene, uzi mwembamba utachezacheza ndani na sauti haitakuwa safi.

2. UREFU WA UZI

Hiki njo kipimo mama, vingine vyote vinakifuata. Ni urefu toka kamufupa ka juu ya shingo mupaka kwenye daraja. Gitare nyingi za Fender ziko na milimita 648, nyingi za Gibson karibu 628, na ile ya Brian May karibu 610. Uzi mufupi ni laini chini ya kidole na unafaa mikono midogo. Uzi murefu unavutwa kwa nguvu zaidi, na sauti yake inalia wazi.

Tukichagua 648, tutaweka wapi freti, ni kusema vile vyuma vya kukata sauti shingoni? Hapa hesabu ya mwalimu wetu inatusaidia. Oktava moja iko na hatua 12 zilizo sawa, na freti ya 12 inakata uzi katikati kabisa. Basi kila mara tunagawanya urefu wa uzi uliobaki kwa 17,817. Mufano: 648 kwa 17,817 ni 36,4. Hiyo ni freti ya kwanza. Inabaki 611,6, tunagawanya tena, na tunaendelea vile. Kutoka kwenye kamufupa tunapata:

freti ya 1: mm 36,4
freti ya 2: mm 70,7
freti ya 3: mm 103,1
freti ya 5: mm 162,5
freti ya 7: mm 215,5
freti ya 12: mm 324,0
freti ya 21: mm 455,4

Mafundi wa zamani waligawanya kwa 18, kwa sababu ni nyepesi. Wanafunzi wa mwaka wa tano wajaribu: freti ya 12 itaangukia mm 321,6 pahali pa 324. Milimita mbili na zaidi zimepotea, na sikio linasikia.

Neno lingine: mupime kila freti kutoka kwenye kamufupa, si kutoka kwenye freti iliyotangulia. Kosa la nusu milimita likirudiwa mara 12 upande mumoja linakuwa milimita 6, na gitare ile haitakubaliana na harmonium wala na gitare ingine. Daraja nalo liwe la kusogezwa kwa vis, kwa maana nyuzi nene zinahitaji kuongezewa milimita chache kupita zile nyembamba.

3. MUSTARI WA KATIKATI

Mupige mustari mumoja tangu kichwa cha gitare mupaka chini ya mwili wake, kwenye karatasi kubwa, kwa ukubwa wake wa kweli. Shingo, daraja na mikro, vyote vipimwe toka mustari huo, kuume na kushoto sawasawa. Shingo iwe na upana wa karibu mm 42 pale juu. Kama mustari umepinda, uzi wa mwisho utatoka inje ya shingo, na mupigaji hatapata mahali pa kuweka kidole.

4. UBAO

Nyuzi sita za chuma zinavuta pamoja kwa nguvu ya kilo zaidi ya 40. Ni kama mufuko wa simenti unaoning'inia kwenye shingo usiku na muchana. Kwa hiyo ubao wa shingo uwe mukavu kabisa, nyuzinyuzi zake zinyooke, na ndani yake tuchimbe mufereji wa kuweka fimbo ya chuma ya kuizuia isipinde. Ubao mubichi unaonekana muzuri kwa siku chache tu, ukikauka unajikunja. Kwa mwili, tuangalie pia uzito wa ubao. Anayesimama na gitare saa mbili begani ataona tofauti.

5. MIKRO NA UMEME

Mikro ya gitare si ile ya kuimbia. Ni sumaku iliyozungukwa na waya mwembamba wa shaba mara elfu nyingi. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya. Kwa hiyo uzi wa nailoni haulii hapo hata kidogo. Mikro iliyo karibu na daraja inatoa sauti kali. Iliyo karibu na shingo inatoa sauti ya muviringo. Kama tunataka zote mbili, tuchore mashimo mawili.

Umeme wa gitare ni mudogo sana, hauumizi mutu. Hatari iko kwenye ampli, yenye kupokea volti 220. Nyuzi za gitare zimefungwa na masi ya ampli, na kama ampli haina waya wa kwenda udongoni, mutu anaweza kufa. Mwaka 1972, huko Swansea, mupigaji gitare Les Harvey alikufa jukwaani alipogusa mikro ya kuimbia. Mutu asiyejua kazi ya umeme asifungue ampli.

6. KUNUNUA AO KUTENGENEZA

Mwili, shingo na kamufupa vinaweza kutoka mikononi mwetu. Nyuzi, funguo za kukazia, waya wa freti na potansiometre tununue. Hata Brian May alijitengenezea mikro kwanza, lakini zikalia vibaya alipovuta uzi pembeni, basi akanunua zingine za kampuni Burns. Na vitu hivi vya kununua tuvipate mbele ya kuchimba mashimo, kwa maana shimo linafuata kitu.

Mwishoni, karatasi yenu ipitie kwa watu watatu: mwalimu wa hesabu aangalie namba, seremala aangalie ubao, mupigaji aangalie mahali pa mikono. Wakikubali wote watatu, hapo njo tuende kutafuta ubao. Krayo inafutika; musumeno haufutiki.