Nitafutie Mmoja Kutoka Kwenu

Ilikuwa kwenye kicheni pati, Sinza. Somo bado ameshika maiki, rafiki yangu akanisogelea sikioni: “Shoga, huko kwenu Singida si kuna wasichana? Nitafutie mmoja wa kazi. Wa huko hawana makuu, hawajui kudai.”

Nilicheka. Mimi mzaliwa wa Mtinko nikacheka tena kwa sauti, maana shampeni ilishafunguliwa na sikutaka kuharibu shughuli ya watu. Ila njiani kurudi nyumbani lile neno likanikaa kooni. Hawajui kudai.

Kwa asiyepajua, Mtinko iko Singida Vijijini. Ni nchi ya alizeti, mtama na vitunguu, na msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Mvua ikigoma, binti aliyemaliza shule ndiye anageuka akiba ya familia. Anatafutiwa bosi kupitia jirani, anapandishwa basi, kilomita kama 700 mpaka Dar. Akifika, jina lake linabaki getini: sasa ni dada, hausigeli, beki tatu. Lafudhi yake ya Kinyaturu inakuwa kichekesho cha wageni sebuleni.

Halafu sisi hao hao tunasema ubaguzi ni mambo ya Wamarekani! Haya, tuwaangalie. Montgomery, jimbo la Alabama, ulikuwa mji wa watu laki moja na kidogo mwaka 1955, Rosa Parks alipokataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi. Weusi waligomea mabasi siku 381, na wengi waliokuwa wakitembea kwa miguu asubuhi na jioni walikuwa akina mama wa kazi za ndani. Meya aliwasihi wanawake wa Kizungu waache kuwapa lifti. Wapo waliomgomea, na si wote kwa huruma. Nani angepika na kulea? Na sheria ya nchi ile ya mwaka 1938 ya kima cha chini cha mshahara iliwaacha nje watumishi wa ndani mpaka mwaka 1974. Kwa hiyo ubaguzi ule haukuishi kwenye mabasi peke yake. Uliishi jikoni, mlango wa nyuma.

Sasa msomaji, fungua kabati lako la vyombo. Kuna kikombe ambacho wewe hunywei? Kwangu kilikuwepo, cha plastiki, cha kijani. Mume wangu ndiye aliyekiona.

“Hiki cha nani?”

“Cha dada.”

“Kwani anaumwa nini?”

Sikuwa na jibu. Usiku ule tulilala tumepeana migongo, mimi nikijitetea kimoyomoyo kwamba ndivyo nilivyokuta kwa mama wakwe na mashangazi wa mjini. Kibaya zaidi, dada mwenyewe ni Mnyaturu kama mimi. Kwa hiyo usiniambie ni kabila tu. Mimi niliyeudhika Sinza nilikuwa nimeshamwekea mwenzangu mpaka, kwa sababu yeye alikuja mjini kufagia na mimi nilikuja kusoma chuo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, kwa mahali alikotoka, hata kwa hali yake ya maisha. Inakataza pia kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea dada anayelala kwa bosi wake wa kawaida shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyelala hapo 120,000. Yaani anayelala ndiye wa bei nafuu, ingawa ndiye anayeamshwa saa tisa usiku mtoto akilia! Kuna nywele za saluni zinazoizidi hiyo sitini, na zinakaa wiki tatu tu.

Kile kikombe nilikitoa. Wiki ya kwanza dada alikuwa anakitafuta, akidhani amekipoteza na atakatwa hela.

Juzi yule rafiki amenitumia meseji: “Vipi, umenipatia yule msichana?” Nikamuuliza atamlipa shilingi ngapi, na siku yake ya kupumzika ni ipi. Tiki mbili za bluu zimetokea. Mpaka naandika hapa, hajajibu.