Ziwa Lililotulia Lisikudanganye

Mama msomaji, likizo ya Juni ikikaribia, watoto huanza kuuliza, "Mwaka huu tunakwenda wapi?" Sisi akina mama sita wa Iyunga, Mbeya, tuliamua kuwapeleka wetu Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Tulipita Uyole na Tukuyu tumejifunika masweta; tulipofika Ipinda tulikuwa tumeshayavua.

Tulifuatana na mpwa wa mwenzetu mmoja, aliyejifunza Zanzibar mchezo wa ubao wa tanga. Ni ubao mrefu unaoelea, wenye tanga moja ambalo mlingoti wake hulala na kugeuka kila upande. Mchezaji husimama juu yake, hushika mpini wa tanga na kuuacha upepo umsukume. Si mchezo wa wanaume peke yao. Wanawake wanaushindania katika Olimpiki tangu mwaka 1992. Binti zetu waliposikia hayo, kila mmoja alidai zamu yake.

KILA SIKU NA HALI YAKE

Jumatatu mchana upepo mwanana ulitoka ziwani. Watoto walisimama, wakaanguka, wakacheka. Kila aliyeanguka alirudishwa taratibu ufukoni.

Jumanne ukaja mwera. Upepo huu wa kusini-mashariki huvuma sana kati ya Mei na Agosti. Ziwa lina urefu wa karibu kilometa 580, kwa hiyo mawimbi yanayoanzia mbali kusini hufika Matema yakiwa makubwa. Ni katika msimu huo huo, Julai 1946, meli Vipya ilipozama kwa dhoruba upande wa Malawi, na watu zaidi ya 100 wakafa. Wavuvi walivuta mitumbwi yao hadi juu mchangani. Hata mpwa wetu hakuugusa ubao.

Jumatano upepo ulikwisha lakini mawimbi yalibaki. Tanga lilining'inia tu, ubao ukarushwa huku na huku. Alhamisi manyunyu yalitushindisha barazani.

Ijumaa tuliamka tukakuta maji ya ufukoni yamelala kama mkeka. "Leo ndiyo siku ya watoto," alisema mwenzetu mmoja kwa furaha, na binti yake wa darasa la saba akakimbilia ubao. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu akanyanyuka. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Msiangalie maji. Angalieni moshi wa jiko lenu unakwenda wapi."

Moshi ulikuwa ukielekea ziwani. Upepo ulitoka nyuma yetu, kwenye Milima ya Livingstone. Mzee akaokota jani kavu la mgomba, akalitupa majini. Muda mfupi baadaye hatukuliona tena. Karibu na nchi kavu maji hutulia kwa sababu mlima unayakinga, lakini kadiri mtu anavyosogea ndani ndivyo upepo unavyozidi nguvu, nao humpeleka mbali na mama yake. Mawimbi ya Jumanne yalitutisha, yakatuzuia. Utulivu wa Ijumaa ulikuwa unatukaribisha.

Binti alinuna hadi jioni. Jumamosi upepo wa ziwani ulirudi, naye akasafiri juu ya ubao hatua kama thelathini, huku sisi tukienda sokoni Lyulilo kwa zamu kununua vyungu vya Wakisi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ukiwapeleka watoto ziwani, zingatia haya:

1. Kabla hawajaingia, tazama moshi au majani ya miti. Upepo ukielekea ziwani, ubao, maboya na mipira ya kuchezea vibaki nje.

2. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea.

3. Wafundishe kwamba anayechukuliwa na upepo asiuache ubao. Aliangushe tanga, alale juu ya ubao, apunge mkono na kuita. Ubao huonekana kwa mbali. Kichwa cha mtoto hakionekani.

4. Kaeni mbali na midomo ya mito, kwa sababu ya mamba.

5. Kyela kuna malaria, na ziwani kuna kichocho. Beba vyandarua, na mkirudi nyumbani waulize wauguzi kuhusu kipimo na dawa ya kichocho.

6. Mwulize mvuvi wa hapo kila asubuhi. Hali ya jana si hali ya leo.

Usiwanyime watoto ziwa kwa hofu. Msichana anayejua kuogelea na kuusoma upepo yu salama kuliko yule aliyekatazwa tu, kwani ipo siku atafika majini bila wewe.