Ameta au Voltimeta Katika Lori la Zamani?

Watu wengi wanaofufua malori ya zamani huondoa dinamo na kutia altaneta, kisha huiacha geji ile ile ya kwanza. Napenda kueleza kwa nini jambo hilo ni la hatari.

Geji ya zamani ni ameta. Kazi yake ni kupima umeme uingiao katika betri au utokao. Kwa hiyo umeme huo, isipokuwa ule wa stata, hauna budi kupita ndani yake, nyuma ya dashibodi. Dinamo ya Lucas C40-1, iliyotumika katika magari mengi ya Kiingereza, hutoa ampea 22. Ameta ya ampea 30 huuweza mzigo huo. Lakini altaneta nyingi hutoa ampea 60 au zaidi. Betri ikiwa tupu, waya za zamani hupata moto, na lori laweza kuungua.

Voltimeta hupima msukumo wa umeme tu, nayo hutosheka na waya nyembamba yenye fyuzi ndogo. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama 12.6 injini ikiwa imezimwa, na 13.8 hadi 14.4 injini ikienda. Mshale ukikaa chini ya 12.6 injini ikienda, betri hailishwi. Ukipita 15, betri inaharibika.

Basi, atiaye altaneta na atie voltimeta. Kwanza afungue betri, kisha aunganishe pamoja waya mbili za ameta, na apitishe waya nene kutoka altaneta moja kwa moja hadi betri.